Ngazi za umeme kwenye pikapu: zinahimili barabara za Goma, au ni za lami tu?

Mwana_Himbi

Jambo wote. Wenye pikapu kubwa naomba mawazo.

Nina pikapu ya Kimarekani, imeinuliwa kidogo, na ilikuja na zile ngazi za pembeni za umeme: ukifungua mlango ngazi inashuka, ukifunga inajikunja chini ya gari. Nilipolichukua zilikuwa zinaenda bila neno. Sasa ya upande wa dereva inashuka nusu, inasita, inarudi juu. Ukifungua na kufunga mlango tena na tena, siku nyingine inakubali. Ya abiria bado inafanya kazi ila inalia.

Gari linatembea hapa mjini, Sake, na Masisi barabara ikiruhusu. Garaji mbili zimesema mota imekufa, niagize Dubai. Kabla sijatoa pesa nataka kujua: kweli ni mota? Na je, vitu hivi vinavumilia njia kama zetu, au nivitoe nifunge ngazi za chuma nipumzike?

Msiniambie "toa tu, uwe unaruka". Mama yangu goti linamsumbua, bila ngazi hapandi.

Shofere_Masisi

Toa tu, uwe unaruka 😂

Nisamehe mdogo wangu. Ila mimi naendesha Land Cruiser, ngazi yake ni chuma na boliti, haijawahi kunisumbua. Kufunga mota chini ya gari halafu ukaipandisha Masisi msimu wa mvua ni kujitafutia maneno.

FundiNdosho

Ndugu Mwana_Himbi, usiagize mota kwanza. Acha nikueleze kitu chenyewe kinavyofanya kazi, utaona mwenyewe kwamba wale walikisia.

Kila upande una ngazi moja ya alumini iliyoshikwa na mikono miwili. Mkono mmoja una mota ya volti 12 yenye gia ndogo ndani. Mkono wa pili hauna mota, unafuata tu. Mota zote mbili zinapokea amri kutoka kisanduku kimoja, mara nyingi kiko chini ya boneti karibu na batri. Kisanduku hicho hakina macho. Kinachosoma ni umeme ambao mota inakula. Ngazi ikigusa kitu, mota inakazana, umeme unapanda, kisanduku kinaona "kuna mguu wa mtu hapa", kinakata au kinairudisha ngazi ilikotoka. Ni kinga, ili isimbane mtoto.

Sasa vumbi letu likiingia kwenye pini za mikono, mkono unakuwa mgumu, na mota inakazana vilevile. Kisanduku hakiwezi kutofautisha mguu wa mtoto na pini iliyokauka, kwa hiyo ngazi inashuka nusu na kurudi. Mota iliyokufa kweli haifanyi hivyo: inanyamaza kabisa, au inatoa mlio mmoja mfupi na kuishia hapo. Yako inasita na kurudi, maana yake bado ina nguvu. Ila ukiiacha hivyo kwa miezi, itaungua kweli, na wale wa garaji watasema "si tulikuambia".

Pima hivi. Fungua boliti zinazoshika mota, ichomoe kwenye mkono wake, waya uuache umechomekwa. Shika ngazi kwa mkono, ishushe, ipandishe. Ikiwa nzima inakwenda kwa vidole viwili. Ikikugomea, ugonjwa uko kwenye pini na bushi, yaani ule mrija ambamo pini inazunguka. Halafu mtu mwingine afungue mlango, uangalie mota inavyozunguka ikiwa haina mzigo. Itazunguka kidogo kisha kisanduku kitakata, ni kawaida. Angalia vidole vyako wakati huo, maana gia ya mota hizi haina huruma. Mwenye mita ya kubana kwenye waya apime ampea za upande mzima na za upande mgonjwa. Hiyo ndiyo njia ya kumaliza ubishi na garaji.

Na usishangae kwamba upande wa dereva umetangulia. Mlango wa dereva unafunguliwa kila safari, wa abiria unapumzika.

FundiNdosho

Naendelea, maana nilikatwa na mteja.

Umeuliza kama zinavumilia njia zetu. Vumbi la Goma si vumbi la udongo. Ni jiwe la volkano lililosagwa na magurudumu: lile la Nyiragongo la Januari 2002 lililokata mji katikati mpaka ziwani, na lile la Mei 2021 lililofika Buhene. Lava ikipoa haraka sehemu yake inakuwa kioo, na ikisagwa inatoa punje zenye ncha. Udongo ukiingia kwenye bushi unakauka na kuziba; unaosha, unaondoka. Punje hizi zinakata. Zinakata mpira wa kuzuia maji, kisha zinakata bushi yenyewe, kisha tundu linakuwa la yai na ngazi inaanza kugonga kila unapopita shimo.

Halafu kuna moshi. Nyiragongo na Nyamulagira vinatoa gesi ya salfa, mvua ikiishika inashuka na asidi. Waulizeni watu wa Rusayo, chini ya mlima, bati jipya linakaa muda gani kabla ya kutoboka. Sasa chukua mkono wa alumini wenye boliti ya chuma ndani, uloweshe maji hayo, uache. Madini mawili tofauti yakikaa kwenye maji ya asidi, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, na unga ule unashika pini vibaya kuliko kutu nyekundu. Nimetoa pini kwa nyundo na moto mpaka nikamwonea huruma mwenye gari.

Wamarekani wa kaskazini wanalia na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi chumvi hatuna, hata Kivu ni maji matamu, lakini mlima unatupa ya kwetu.

Watengenezaji wenyewe hawafichi. Kitabu cha Ford F-150 kinaandika kwamba matope, vumbi, theluji, barafu na chumvi vinaweza kuziba mikono ya ngazi, na ikitokea uiache ngazi nje uoshe kwa maji ya presha, hasa mikono ya mbele na ya nyuma. AMP Research, watengenezaji wa ngazi za umeme za PowerStep, wanasema hivyohivyo na kuongeza mambo mawili: usipige maji moja kwa moja kwenye mota, na ukishaosha puliza silikoni kwenye pini. Kwenye pini tu. Juu ya ngazi usiguse, mama atateleza.

Kwa hiyo jibu langu: zinadumu kwa mtu anayeosha. Mtu wa kuosha gari siku ya harusi, ngazi za umeme si zake.

Shofere_Masisi

Muzee, kwa nini silikoni ya kununua? Sisi tukimwaga mafuta ya injini tunapulizia yale ya zamani chini ya gari lote. Gari langu lina umri wa kijana wa sekondari na chasisi haina kutu.

FundiNdosho

Kwenye chasisi sina ugomvi na wewe, chasisi haichezi. Kwenye pini ndiyo nakataa. Unajua ile pasta tunayosagia valvu? Ni mafuta na unga mkali, basi. Ukipaka mafuta machafu kwenye pini halafu ukatoka hapo kwenda Mugunga, umeitengeneza pasta hiyo mwenyewe ndani ya bushi, na kila mlango ukifunguliwa inasaga. Grisi nzito nayo hivyohivyo, inakamata kila punje. Silikoni ya kupuliza inakauka juu, vumbi halina pa kujishika. Na ile dawa ya kulegeza boliti zilizoshika kutu, nayo ni ya kulegezea tu. Wiki mbili imeshakwisha, pini imebaki kavu.

Bukavu_Nguba

Habari kutoka upande wa pili wa ziwa. Huku kwetu mlima haututupii kitu, shida yetu ni udongo mwekundu. Kuanzia Septemba mpaka Mei ni matope, yanarushwa na tairi la mbele yanajaa pale kati ya ngazi na ubavu wa gari. Usiku yanakauka. Asubuhi unafungua mlango, ngazi inashuka, na tofali zima linakatika nayo. Ikitaka kurudi, kipande kimebaki kwenye mkono, hairudi.

Dawa niliyoipata ni kuzima. Kabla ya kuingia njia ya matope nazima ngazi zikiwa juu, nasafiri nazo zimefungwa, nafika, naosha, nawasha. Ikiwa juu imejibana pini zake hazichezi, matope yanapaka nje tu. Ukiiacha iwe inashuka na kupanda njiani, kila safari ya kushuka kukojoa inavuta matope ndani ya bushi. Gari zenye ngazi za kiwandani, kama F-150, unazima kwenye menyu ya dashibodi. Zile za kufungwa baadaye nyingine hazina pa kuzimia, mpaka ufunge swichi.

Na funga yale mapazia ya mpira ya kuzuia matope nyuma ya tairi la mbele, mapana. Watu wengi wameyatoa kwa sababu ya urembo, halafu wanashangaa.

Kolwezi_Vumbi

Nafanya kazi na magari ya mgodi huku Lualaba. Pikapu za kazi zote ninazoziona zina ngazi za chuma au hazina kabisa. Kiangazi vumbi jekundu ni jingi mpaka taa zinawashwa mchana.

Muuzaji akikuambia ngazi yake ni "IP67", elewa maana yake. Ile 6 ni kwamba vumbi haliingii. Ile 7 ni kwamba inaweza kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Sawa, ni nzuri. Lakini kilichopimwa ni mota au kisanduku. Pini na bushi ziko wazi nje, hakuna namba inayozilinda. Ndiyo maana unakuta mota nzima imefungwa kwenye mkono uliokufa, kama ya huyu ndugu.

Na soketi ya waya ya mota, ifungueni mara mojamoja. Ukiona pini za soketi zimekuwa za kijani, hapo ndipo umeme unapotea.

Birere_Boss

Mimi sina shida na vumbi, nina shida na chukudu, yale ya mbao ya kusukuma mizigo. Unasimama pale Birere, mgeni anafungua mlango bila kuangalia, ngazi inatoka nje, na chukudu la mkaa linateremka. Nani atapinda? Chukudu halijapinda hata siku moja.

FundiNdosho

Birere_Boss umegusa jambo la kweli kwa utani. Watu wanaogopa uzito, "mtu mnene atavunja". Uzito si tatizo. AMP wanaandika kilo 272 kwa ngazi moja, hata mkibeba gunia la maharage mgongoni mtapanda. Kinachoua ni pigo la pembeni au la kutoka mbele wakati ngazi iko nje, kwa sababu mikono imetengenezwa kubeba kutoka juu kwenda chini. Jiwe lililosimama kando ya barabara linafanya kazi ileile ya chukudu: umeegesha karibu, mlango unafunguliwa, ngazi inashukia juu ya jiwe. Kinga ya umeme itaisimamisha, lakini ukifanya hivyo kila siku mahali palepale nyumbani kwako, mkono unapinda kidogokidogo, na mkono uliopinda unaifanya pini iwe ngumu, tunarudi kwenye hadithi yetu.

Tena, usiweke jeki kwenye ngazi hizi wala kwenye vishikio vyake. Vijana wa kuziba matairi wakiona chuma chini ya mlango wanadhani ni pa kuinulia. Kitabu cha Ford kinakataza kwa maandishi. Msimamie.

Dada_Keshero

Naona wanaume mnaongea pini tu, nani anamfikiria huyo mama?

Ngazi ya umeme inashuka chini zaidi kuliko ya chuma iliyofungwa. Kwa mtu wa goti hiyo tofauti ni yote. Mama mkwe wangu anapanda ya umeme mwenyewe. Ile ya bomba la mviringo ya gari lingine lazima wawili wamshike, na siku ya mvua hata mimi nimeteleza juu yake na kandambili. Kwa hiyo, ndugu Mwana_Himbi, ukiamua chuma usikubali bomba la mviringo. Mwambie mchomeleaji aweke bati zito lenye vinundu juu, pana la kutosha kiatu kizima, tena liwe chini kuliko anavyotaka yeye. Na ufunge kishikio ndani ya mlango. Mzee anapanda kwa mkono kuliko kwa mguu.

Shofere_Masisi

Liwe chini, halafu njia ya Masisi likwaruze mawe yote?

Dada_Keshero

Kwani mama anakwenda Masisi kila siku? Anakwenda kanisani na hospitali.

Mgeni_Katindo

Samahani naingilia. Zangu usiku zinatoka na kurudi zenyewe gari likiwa limefungwa. Jirani ananiambia gari lina pepo. Asubuhi batri haina kitu.

FundiNdosho

Pepo wako yuko kwenye swichi ya mlango. Ngazi inasikiliza ishara ileile inayowasha taa ya ndani. Swichi ikishika maji inasema mlango wazi, mlango umefungwa, mlango wazi, na ngazi inatii. Angalia taa ya ndani usiku, utaona inawaka na kuzima pamoja nayo. Tafuta mlango wenye shida, safisha au badili swichi au kitasa chake, kisha ndiyo umlaumu jirani.

Mwana_Himbi

Jamani, nimerudi na majibu.

Tulitoa mota ya upande wa dereva. Mota inazunguka safi kabisa. Ngazi yenyewe kwa mkono haiendi, mpaka tukaining'inia watu wawili. Tukatoa pini: mkono wa nyuma, ule usio na mota, ndio ulioshika. Unga mweupe kama muzee alivyosema, na bushi moja imelika upande mmoja, ukiitazama tundu si duara tena. Mkono wa mbele una vumbi jeusi lililoganda lakini pini ilitoka kwa nyundo ndogo.

Upande wa abiria tuliosha tu, tukapuliza silikoni, kelele imekwisha.

Sasa swali: bushi moja naipata wapi? Huko nje wanauza mkono mzima, na seti mpya kamili inazidi dola 1,000.

FundiNdosho

Usinunue mkono. Peleka pini na bushi kwa mkerezaji, akutengenezee bushi ya plastiki ngumu, ile ya rola za mashine, isiyohitaji grisi. Shaba nayo inafaa lakini inataka mafuta, na mafuta tumeshayaongea. Tundu la alumini likiwa limelika nalo, alipanue liwe duara na bushi iwe nene kidogo. Mwambie aache nafasi ndogo sana ya kuzunguka. Ikikaza, kisanduku kitaona mguu wa mtu tena. Kabla ya kurudisha boliti za chuma kwenye alumini, safisha unga wote mpaka uone madini yanang'aa, na upake kitu cha kutenganisha kwenye shingo ya boliti. Hapo tu grisi inaruhusiwa, kwa sababu hapo hapachezi.

Kolwezi_Vumbi

Na baada ya kazi yote hiyo bado atakwenda nayo Masisi? Mimi ningetengeneza, ningeuza, ningefunga chuma kizito kwenye chasisi. Chuma kile kinalinda na ubavu wa gari ukikaa juu ya jiwe, na jeki unaweka.

Shofere_Masisi

Huyu wa Kolwezi nampenda.

FundiNdosho

Kwa gari la kazi nakubaliana na nyie, na mteja wa Masisi mtupu namwambia hivyohivyo. Ila chuma kifungwe kwa boliti kwenye chasisi, wala kisichomelewe. Chasisi ikichomwa inadhoofika palepale pembeni ya mshono, na nyufa zinaanzia hapo. Na kisishikwe na bati la ubavu, siku ukikalia jiwe mlango hautafungika.

Lakini huyu ana mama. Gari lake linalala mjini.

Mwana_Himbi

Nimeamua: nazibakisha, nafunga swichi ya kuzima kama ya ndugu wa Bukavu, na mama anabaki na ngazi yake. Masisi zitakuwa zimefungwa juu. Swichi niiweke kwenye waya gani?

Bukavu_Nguba

Mimi nimeweka kwenye waya mkubwa unaotoka batri kwenda kisandukuni, baada ya fyuzi. Usiweke swichi ndogo ya taa, ngazi zikikazana itayeyuka. Weka rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa, na swichi ndogo iamrishe rilei. Waya wa ishara ya mlango usiukate, utajiletea pepo wa Katindo. Na kila mara hakikisha zimeshapanda kabla ya kuzima. Ukizizima zikiwa nje utatembea nazo nje, na umeshaambiwa habari za chukudu.

Mwana_Himbi

Aksanti kaka. Muzee wa Ndosho, rilei na swichi ninazo, Jumamosi naleta gari?

FundiNdosho

Lete mapema, kabla ya saa tatu. Na lioshwe kwanza chini, ngazi zikiwa nje. Sifungui pini yenye tope.